Packard Isiyouzwa ya Mzee Fetters

Siku Merle Hostetter alipomwona Garland Fetters kwa mara ya kwanza, mzee huyo alikuwa akimfokea mwanamke mmoja kwa kupiga chafya karibu na gari.

"Mama, hii rangi ni ya kabla ya vita! Hiyo pua yako ipeleke kule kwenye matrekta!"

Rangi yenyewe ilipakwa majira ya kuchipua yaliyopita, na mji mzima ulijua. Kazi ya Merle kwenye mnada wa magari ya kale mjini Auburn ilikuwa kuyaendesha magari ya watu hadi jukwaani, na maneno hakuwa nayo mengi.

Gari lilikuwa Packard ya mwaka 1934, silinda kumi na mbili, refu kama jeneza la tajiri. Garland alilirithi kwa mjomba wake. Yeye mwenyewe aliishi kwa kuuza chakula cha nguruwe, jambo ambalo mnadani hakulitaja hata kwa bahati mbaya. Siku za mnada alivaa kofia nyeupe na glavu za ngozi, ingawa hakuendesha, na sauti yake ilihamia puani.

Kila mwaka alilileta, kila mwaka alilirudisha. Mwenye gari huweka bei ya siri. Isipofikiwa, gari haliuzwi. Bei ya Garland ilikuwa juu kiasi cha kuchekesha. Hakutaka kuuza. Alitaka asimame jukwaani kando ya gari, mnadi alisifie, matajiri wa Chicago wamtolee macho, kisha yeye atikise kichwa taratibu: hapana. Mwaka mzima aliishi kwa kuungoja mtikiso huo.

"Bila hilo dude," mkewe Arlene alimwambia Merle, akitafuna mkate uliozidiwa na nyama ya nguruwe ya kukaanga pande zote, "huyu ni muuza pumba kama wauza pumba wengine. Na anajua. Likiondoka, amekwisha."

"Arlene, usiongee na dereva huku umejaza mdomo," Garland alimkemea.

"Umejaa nguruwe waliolishwa pumba zako, baba."

Mwaka wa mwisho watu walikuwa wamemchoka. Merle alipolipandisha gari jukwaani, nusu ya ukumbi iliinuka kwenda kununua limonadi.

"Fetters tena!" mtu alipaza sauti. "Lirudishe zizini!"

Kicheko kikapita safu kwa safu. Masikio ya Garland yakaiva. Bei ikapanda kivivu, ikakwama. Mnadi akamwinamia, kama ilivyo desturi.

"Niondoe bei yako ya siri, mzee, au unaondoka nalo?"

Pale Auburn mwenye gari akikubali, mnadi hutangaza kwamba gari linauzwa leo kwa vyovyote, na ukumbi hulipuka kwa makofi. Miaka yote Garland aliyasikia makofi hayo yakipigiwa wengine. Aliitazama migongo iliyokuwa ikielekea mlangoni.

"Ondoa," alisema.

"Mzee Garland," Merle alinong'ona kutoka kwenye usukani, "umesikia ulichosema?"

"Wewe shika usukani, bwana!"

Mnadi akatangaza. Ukumbi ukalipuka, watu wakasimama na kupiga makofi. Waliokuwa wakitoka wakarudi mbio, limonadi zikimwagika. Garland akavua kofia yake nyeupe akaipunga kama mtu aliyeshinda uchaguzi, akageuka kulia, akageuka kushoto, na nyundo ya mnadi ilipogonga, yeye bado alikuwa akipunga. Hakuna aliyekuwa ameongeza kitu. Packard ikaenda kwa daktari wa meno kutoka Ohio, aliyevaa kaptula, ambaye papo hapo aliuliza kama inaweza kufungwa kiyoyozi.

Merle aliliteremsha gari polepole hadi mlango wa nyuma. Garland akalifuata kwa miguu, akaegemea dirishani. Merle alikuwa bado akitafuta neno la pole, mzee alipomsogelea sikioni.

"Merle, walisimama wote, au wale wa mbele tu?"