Chai Juu, Kwaya Chini

Wacheni kucheka kabla sijaanza, maana aibu niliyoipata Ruiru mwaka ule, hata leo nikiona mtu ameshika kikombe cha bati masikio yananiwaka.

Nilikuwa kijana, napanga herufi katika duka moja la kuchapa hapa Thika, na nilikuwa nampenda Njeri, kiongozi wa kwaya ya vijana kule Ruiru. Wazee wa kanisa walikuwa wamemwambia waziwazi: imbeni mara moja mbele ya watu, na watu wasipokuja, kwaya tunaivunja. Akanijia na karatasi yake. "Kamau, nitengenezee tangazo ambalo hata mtu aliye mbali ataliona." Nikamwambia, hiyo niachie mimi.

Sasa, herufi zetu kubwa kabisa zilikuwa za mbao, na A ilikuwa imebaki moja tu (ya pili ilipasuka), na KWAYA inataka A mbili. Mwenye akili angechukua herufi za kadiri, lakini mimi, kwa kujifanya fundi, nikatafuta kwenye karatasi neno lingine fupi, na pale chini kabisa nikaona: chai kwa wageni. Ngai, CHAI ilikaa vizuri! Nikaiweka juu, katikati, nafasi sawa kushoto na kulia, halafu kwaya, mahali na saa nikazipanga chini kwa herufi ndogondogo, zimenyooka kama mistari ya mahindi. Nikayabandika matangazo mwenyewe Thika na Ruiru bila kumwonyesha Njeri (nilitaka kumshangaza, na kweli nilimshangaza).

Siku ilipofika, kanisa lilijaa mpaka nje. Njeri anatabasamu, mimi nimetoa kifua, mpaka nilipoona kila mtu amekuja na kikombe. Wimbo wa kwanza haujaisha, mzee mmoja wa shamba la mkonge akasimama. "Mnaimba vizuri, watoto wangu, lakini chai iko wapi?"

"Ndiyo, chai!" watu wakaitikia.

Njeri akatazama tangazo mlangoni, akanitazama mimi. Ikabidi nisimame nieleze kwamba chai ni sufuria moja tu, ya wageni wachache wa wazee wa kanisa, na kosa ni langu. Wuui! Walinizomea, wengine wakaanza kutoka, nikajua kwaya imekwisha na mchumba pia.

Njeri hakuningoja. "Basi hivyo vikombe vigongeni!" akasema, akaanzisha wimbo wa haraka. Mama mmoja akagonga kwa kijiko, wa pili akafuata, kanisa zima likashika, na waliokuwa njiani wakarudi. Hata mzee wa kanisa aliyekuwa mkali kuliko wote alikuwa akigonga.

"Hii kwaya haivunjwi," akasema baadaye. "Mwezi ujao mwimbe tena. Tangazo atengeneze huyu huyu."

"Atatengeneza," Njeri akajibu, "lakini nitaliona kwanza."

Tangu hapo sichapi kitu kabla sijakitundika mlangoni nikauliza mtu aliye mbali ameona nini kwanza, na akitaja jambo lisilofaa nafungua herufi zote, naanza upya. Siku hizi wa kuulizwa ni bibi yangu Njeri, na haki ya Mungu, hanihurumii.