Sindano za steroids zilimnenepesha kaka yangu, akaenda Kanazi kumfuata mkewe

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo zangu mambo.

Nimesoma ule uzi wa vijana wa gym wanaobishana steroids ipi inajaza kifua haraka. Nilicheka, kisha nikalia. Kwetu Muleba dawa hizo ziliingia zamani, na si kwa ajili ya kifua. Haya niliyaona kwa macho yangu, sitii chumvi.

Kaka yangu Deusi alirudi mzima kutoka vita vya Uganda. Miaka ikapita, akamuoa Adela wa Kanazi. Halafu ule ugonjwa ukamkuta. UKIMWI enzi hizo tuliuita Juliana, na ARV tulikuwa hatujawahi hata kuzisikia.

Jamani, alikonda! Suruali ilifungwa kwa kamba ya mgomba. Harufu tu ya ndizi jikoni ilimtapisha.

Kaka zake Adela wakaja kumchukua dada yao. Wakasema hawako tayari kuzika wawili. Tangu hapo Deusi akawa kutwa anaangalia njia.

Daktari mmoja Bukoba akaanza kumchoma sindano za homoni, hizo hizo steroids. Alitueleza wazi kwamba haziponyi, zinasaidia nyama irudi. Tumlishe maharage, mayai, samaki, naye ajikongoje shambani kidogo.

Wakuu, mashavu yalirudi! Mama alikuwa anamminya mkono kila asubuhi kama mtu anayenunua mbuzi. Siku Deusi alipoomba aongezewe ndizi, Mama alitoka akapiga vigelegele peke yake kibanjani, katikati ya migomba.

Mwili ulipojaa, akaniambia, "Dada, nisindikize Kanazi." Nikabeba kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, tukaenda.

Baba mkwe akamtazama juu hadi chini. "Mwana wange, kumbe tulikusingizia! Mtu wa Juliana hanenepi. Adela, funga mizigo."

Wifi alikuwa ameshafunga. Alisimama mlangoni na furushi lake, anatabasamu.

Deusi alimtamani yule mwanamke, mnielewe. Lakini akasema, "Baba, mwili huu ni wa sindano. Ugonjwa bado ninao. Msinipe Adela kwa kutazama mashavu yangu."

Mzee akatikisa kichwa kumkataza Adela. Adela akarudi ndani na furushi, tukamsikia analia.

Njiani nilimfokea kaka. Si angenyamaza tu! Akanijibu, "Nanyamazaje, na huyo ndiye ninayempenda?"

Msimu wa senene, wale panzi wetu watamu, ukafika. Kikapu kikaja kutoka Kanazi, kimejaa senene waliosafishwa na kukaangwa vizuri.

Kwa msiojua: kwetu mke humkusanyia mumewe senene, na mume humjibu kwa nguo mpya. Mwanamke hamtumii hivi hivi mwanamume asiye wake. Deusi alielewa. Alikula mmoja mmoja, machozi yanamtiririka, na hakunipa hata mmoja!

Kesho yake alikwenda mwenyewe duka la Mhindi pale Bukoba mjini, akachagua kitenge cha bluu. Mimi nikakipeleka Kanazi.

Sindano zilimpa kaka msimu ule mmoja tu. Mwili ukashuka tena, na safari hii haukurudi.

Siku ya mazishi Adela akaja amevaa kitenge cha bluu. Akawapita kaka zake, akaketi kwenye nyasi pale anapokaa mjane. Hakuna aliyethubutu kumwinua.

Nilichojifunza: afya ya mtu haionekani kwenye mashavu, nendeni mkapime. Mwenye ARV zake azimeze, Deusi angezimeza huku anacheka. Na nyie wa gym, hiyo dawa ina daktari wake, acheni kuchomana vichochoroni.

Wa Kagera wenzangu, nani mwingine ana mtu wake wa miaka ile? Andikeni hapa hata jina tu, nitasoma yote.

Wifi yupo, ni bibi sasa, na hakuolewa tena. Senene wameanza kuanguka wiki hii, na jana kikapu kimekuja tena kutoka Kanazi. Kila mwaka nakula mimi kwa niaba ya kaka, na kila mwaka kitenge napeleka mimi.