Musagaji wa Bigo

Musagaji wa unga kule mtaa wa Bigo alizoea kusema kwa sauti kubwa hata mashine ikiwa imezimwa, na kila unga aliupima kwanza kwa vidole viwili. Mwaka wa 2003, wakati wa vita vya kikabila, wenye bunduki walipoingia wakiwauliza watu kabila, mteja wake Charlotte, wa kabila lililokuwa likiwindwa, alikuwa hapo na muhogo wake wa kusaga. Musagaji akammwagia beseni la unga kichwani, akamtia ufagio mkononi.

"Na huyu, ni kabila gani?" mmoja wa wenye bunduki akauliza.

"Iko mutumishi yangu! Kabila yake ni unga!"

Wakacheka, wakaenda zao. Charlotte akapiga magoti kumshukuru.

"Simama, mama. Watu iko mu mulongo, wanangojea mashine."

Leo kuna mashine mpya karibu na nyumba yake Charlotte, lakini yeye bado anavuka mitaa miwili kwenda kusaga kwa yule baba.