Maziwa ya Bi Muhsina

Baada ya sala ya alasiri uchochoro ule wa Maskati ulikuwa kimya. Wanawake watatu walikuwa wamekwisha keti chini ya dirisha la Shaikha, mmoja na ungo wake wa mchele, na wote wakangoja. Dirishani hapakutoka neno.

Kwa miaka mitatu, tangu kiharusi kimlaze, Sleyum alikuwa akiwahadithia filamu wakati kama huo, kutoka kitandani kwake nyuma ya dirisha hilo, za Kihindi na za Kimisri, alizoziiba kwa jicho, moja baada ya nyingine, alipokuwa akichana tiketi mlangoni pa sinema, Unguja. Wale wanawake hawakuwahi kuingia sinema maishani mwao. Sleyum alikuwa na mkono mmoja tu wa kufanyia vitendo, na mdomo uliopinda, lakini akisema mke kafukuzwa usiku wa mvua, uchochoro mzima ulihisi maji shingoni.

"Leo hatusemi?" aliuliza mwenye ungo.

"Wamemchukua," Shaikha alijibu kutoka ndani. "Asubuhi, kwa gari la serikali. Wamempeleka Matrah, kwenye nyumba ya wanaume wasio na jamaa."

Wanawake wakanyanyuka, wakajikung'uta. Wakaondoka mmoja mmoja.

Usiku ule Shaikha alilala. Hakuamka kumgeuza mtu ubavu wala kumpa maji, na alfajiri mgongo wake, uliokuwa ukimuuma tangu mwaka juzi, ulikuwa mwepesi kama mgongo wa msichana. Ndipo aliposhikwa na aibu. Alikaa kwenye mkeka akakitazama kile kitanda kitupu, na ule wepesi wa mgongo ukawa kama kitu alichomwibia mgonjwa.

Yote yalianza kwa jambo la kheri. Ilikuwa mwisho wa mwaka 1970. Serikali ilikuwa mpya, na kila wiki ilisikika habari iliyowafanya watu wazima waulizane kama ni kweli. Safari hii habari ilikuwa kwamba ofisi moja ilikuwa ikipita nyumba hadi nyumba kuwatafuta walemavu na wagonjwa wa kudumu. Anayemtunza mtu kama huyo nyumbani kwake atapewa chakula cha mgonjwa, godoro zuri, na mtu wa kuja kumsaidia kumwogesha na kumnyanyua. Shaikha, mjane wa miaka hamsini na kitu aliyeishi kwa kushona marinda ya wanawake, alisikia hilo la kumnyanyua tu. Mengine yalimpita.

Ofisa aliyekuja aliitwa Thabit, kijana mwenye kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Naye, kama Shaikha, alizaliwa Unguja. Aliposikia hivyo Shaikha akamkaribisha kahawa, akamwita mwanangu, moyo ukamtulia.

"Huyu mzee nani wako, bibi?" Thabit aliuliza.

"Mtoto wa ami yangu," alisema Shaikha. Halikumgharimu fikira. Ndilo jibu alilokuwa akilitoa Maskati kwa miaka sita.

Thabit akamgeukia mgonjwa. "Mzee, wewe kabila gani?"

Sleyum hakuambiwa aseme nini, akasema kweli. Alikuwa Mriyami. Na Shaikha alikuwa Mbarwani, hata jirani wa mwisho wa uchochoro alijua.

Thabit aliweka kikombe chini taratibu. "Ami yako na wewe makabila mbalimbali? Na hata angekuwa mtoto wa ami kweli, bibi, si maharimu wako. Anaweza kukuoa. Unamwogesha kama nani wake?"

Unguja hakuna aliyewahi kumuuliza Shaikha swali hilo. Kule mtu aliyelelewa nyumba moja nawe alikuwa ndugu yako, na mtaa ulitosha kuwa ushahidi. Hapa kabila ndilo swali la kwanza baada ya salamu. Miaka sita alikuwa anaishi hapa, na bado aliongopa kwa uongo wa Unguja.

Asubuhi ya pili gari likaja. Sleyum alipobebwa hakumtazama Shaikha.

Sasa, akiwa na ule mgongo wake mwepesi na aibu yake nzito, Shaikha alijitanda buibui akaenda ofisini.

"Nimekuja kusema kweli," alimwambia Thabit. "Sleyum ndugu yangu wa kunyonya. Mamake alikufa akimzaa. Mamangu, Bi Muhsina, alikuwa na mwana mchanga, kakangu marehemu, akamtwaa Sleyum akawanyonyesha wote wawili. Mie sijazaliwa bado."

Thabit alijikuna kidevu. "Juzi mtoto wa ami, leo ndugu wa kunyonya. Nikikungoja mpaka kesho atakuwa babu yako."

"Kesho atakuwa huyu huyu, mwanangu."

"Mimi sipendi kumweka mtu pale na nyumba anayo," alisema Thabit, na sauti yake ilikuwa imelegea kidogo. "Lakini majirani wamekwisha kusema, na mimi siwezi kuwapa watu msaada wakae pamoja katika haramu. Niletee shahidi. Mwanamke mmoja mwaminifu aliyeona kwa macho yake, kadhi atamkubali. Ukikosa, mzee atabaki Matrah."

Shahidi! Walioyaona maziwa yale wengine walikuwa makaburini Unguja, wengine Dar es Salaam, wengine Mombasa, na wengine hakuna aliyejua walikokimbilia tangu mapinduzi. Alibaki mmoja tu, na huyo alikuwa Sidab, ng'ambo ya mlima, na hawakuwa wamesemeshana tangu siku ya kushuka melini.

Kheiria alikulia uani kwa Bi Muhsina. Alikuwa msichana wakati Sleyum anazaliwa, na yeye ndiye aliyempakata kila ilipokuwa zamu ya kakake Shaikha kunyonya. Mwaka 1964 yeye, Shaikha na Sleyum walipanda meli moja. Bandarini Maskati karani aliwauliza watu nasaba zao mmoja mmoja, kwa sauti ya mtu aliyechoka na jua, na asiye na jamaa alikuwa anasimamishwa pembeni. Zamu ya Shaikha ilipofika, Kheiria alimwambia nyuma ya sikio, "Sema ndugu yako wa kunyonya. Mie nipo, nitashuhudia." Lakini Shaikha aliogopa. Ndugu wa kunyonya anataka shahidi na maelezo, mtoto wa ami anataka ulimi tu. Kheiria aliposema tena, kwa sauti, Shaikha alimgeukia mbele za watu: "Na wewe yanakuhusu nini? Wewe nani kwetu?"

Karani akaandika mtoto wa ami, akawapitisha wote. Lakini neno lile lilibaki pale pale bandarini, limesimama.

Njia ya Sidab ilipanda mlima kisha ikashuka baharini, mawe matupu, na Shaikha aliipita akitafuta maneno ya kuanzia. Alifika hana hata moja. Kheiria alikuwa amekaa mlangoni anaanika papa.

"Lo! Nani huyu?" alisema Kheiria bila ya kunyanyuka. "Binti mfalme kapotea njia?"

"Shikamoo, dada Kheiria."

"Marahaba. Mie dada yako tangu lini? Si mie nani kwenu?"

Shaikha aliketi kwenye mchanga, karibu na papa. "Sleyum kachukuliwa."

Mikono ya Kheiria ilisimama. "Kafa?"

"La. Serikali imemweka Matrah. Wamesema hana jamaa."

"Na nani aliyewaambia hana jamaa? Si wewe? Si ulisema mtoto wa ami? Ami yupi, Shaikha? Babako alizaliwa peke yake!" Kheiria alimrushia nzi mkono kama anampiga mtu. "Sikukasirika kwa kuniambia mie nani. Mie kweli si kitu. Nilikasirika kwa Bi Muhsina. Mama wa watu kamnyonyesha yatima mpaka kakonda, wewe ukaona haya kuyataja maziwa yake mbele ya karani!"

"Sikuona haya. Niliogopa."

"Kuna tofauti gani?"

Shaikha alifikiri. "Leo naona hakuna," alisema.

Hilo Kheiria hakulitegemea. Alikuwa ameliandaa jibu la miaka sita, na sasa halikuwa na pa kwenda. Alifuta mikono kwenye kanga yake.

"Basi sema hapa, majirani wasikie. Sleyum nani wako?"

"Ndugu yangu."

"Sauti imekwama wapi?"

"Ndugu yangu!" Shaikha alipaza sauti. "Ndugu yangu wa kunyonya, ziwa la mamangu!"

Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona wavu alinyanyua kichwa, akakiinamisha tena.

"Nnakuja," alisema Kheiria. "Lakini mlima ule siupandi kwa miguu yangu. Nitafutie punda. Na asiwe mwenye kuuma."

Mbele ya kadhi, na Thabit amesimama ubavuni, Kheiria aliulizwa aliona nini. Alinyoosha mgongo.

"Niliona kila kitu, sheikh. Nilikuwa nampakata. Alinyonya mpaka meno yakatoka, na lilipotoka la kwanza alimng'ata Bi Muhsina akapiga ukelele, mtaa mzima ukatoka na magongo kwa kudhani mwizi. Mwizi mwenyewe kalala mapajani pangu, anacheka."

Thabit aliziba mdomo kwa mkono. Kadhi hakucheka, lakini alichelewa kidogo kuuliza la pili. Alitaka kujua kama kuna ugomvi au maslahi baina ya shahidi na huyu mwanamke.

"Ugomvi upo," alisema Kheiria. "Miaka sita sikumpa salamu. Na leo sijamsamehe yote. Lakini maziwa ni maziwa."

Kadhi akainamisha kichwa. Ushahidi wa mwenye kinyongo anayemtetea mgomvi wake, alisema, una uzito wake. Sleyum ni ndugu wa Shaikha, maharimu wake, na nyumba ya Shaikha ni nyumba yake.

Shaikha alijiegemeza ukutani. Pumzi iliyomtoka ilikuwa ndefu, kama ya mtu aliyetua mtungi baada ya kupanda ngazi. Thabit alimletea kiti. "Godoro litakuja kesho, bibi," alisema. "Na Bakhit, mtu wetu wa kusaidia, atakuja kumwogesha. Ana nguvu huyo, atambeba kama mto."

Matrah walimkuta Sleyum amegeukia ukuta. Chakula chake kilikuwa hakijaguswa.

"Nilijua umenichoka," alisema, na midomo yake iliyopinda iliyavuta maneno. "Sikulaumu."

Shaikha angeweza kusema hapana. Uongo mwingine, mdogo, wa upole. Alikaa ukingoni pa kitanda.

"Nimechoka," alisema. "Nilichoka zamani. Usiku ule ulipoondoka nililala fofofo, Mungu anisamehe. Lakini kuchoka si kutaka uondoke. Serikali imetupa mtu wa kusaidia. Mie nitachoka kidogo, yeye atachoka kidogo."

Sleyum aliugeuza uso polepole. Alimwona Kheiria nyuma, ameshika kiuno kwa maumivu ya kupanda punda.

"Na huyu ajuza?"

"Ajuza mamako!" alisema Kheiria, kisha akajishika mdomo, maana mamake Sleyum alikufa akimzaa, angali kijana. Sleyum akacheka, kwa ule upande mmoja wa uso wake. Shaikha naye akacheka, akalia, akacheka tena, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakawatazama kwa wivu.

Sleyum alirudi Maskati, nyumbani kwa dada yake, katika chumba cha chini chenye lile dirisha la uchochoroni. Bakhit alikuwa akija kumwogesha Jumamosi na Jumanne.