Viti Havijakauka

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Pasi amenyoosha vitambaa vya meza vya hoteli, na hakuna mgeni aliyewahi kulalamikia hata mkunjo mmoja. Nyumbani kwake ni habari nyingine. Nyumba ile ina ugomvi naye tangu alipohamia: leo mlango umevimba, kesho taa imegoma.

Jumapili hiyo alikuwa amemwalika dada yake mkubwa, mkunga, kwa chakula cha jioni. Walikuwa hawajasemeshana miaka minne. Mara ya mwisho dada alisimama mlangoni, akatupa jicho sebuleni, akasema, "Humu hata pa kukaa hakuna," akaenda zake. Neno hilo lilimchoma Mama Pasi, na halijaacha kumchoma. Ndiyo maana Jumamosi alivipaka viti vyote sita vanishi, akafua mito ya kochi, kisha akamwandikia dada ujumbe: "Karibu kesho saa 1.00."

Asubuhi mambo yakaenda kombo. Mawingu yalitanda na vanishi ikagoma kukauka. Mito ilining'inia kambani ikichuruzika maji. Gesi ikaisha nyama ikiwa bado mbichi, ikabidi awashe jiko la mkaa. Sinki nalo likaziba, na mumewe, dereva wa lori asiyejua bomba hata kidogo, akaingia chini yake na spana. "Nipe dakika tano tu," alisema. Hiyo ilikuwa saa nne.

Saa saba kamili mchana mlango ukagongwa. Mama Pasi akafungua, masizi shavuni. Dada alikuwa amesimama pale, amependeza, na mfuko wa matunda mkononi.

"Dada. Si nilikwambia saa moja jioni?"

"Hukuandika jioni. Uliandika moja." Dada akanyoosha mkono amwonyeshe saa yake, mshale mfupi ulikuwa kwenye moja. Hospitali ilishamharibu kwa saa za Kizungu, namba anaisoma ilivyoandikwa.

"Shemeji, karibu," sauti ilitoka chini ya sinki. "Samahani, siwezi kuja. Nikiachia hapa tunaogelea."

Dada akaingia. Viti sita vilikuwa vimepangwa juu ya magazeti, na kochi limebaki mbao tupu.

"Usivikalie," Mama Pasi alisema kwa sauti ndogo. "Havijakauka."

Aliona haya mpaka machozi yakamlengalenga. Alijua neno litakalofuata. Miaka minne amelijibu kichwani huku akipiga pasi.

Dada alivua viatu. Akapita hadi jikoni, akaona kreti tupu la soda, akalipindua kando ya jiko, akalikalia na gauni lake zuri. Akavuta sufuria la viazi.

"Nipe kisu," alisema. "Na siku ile nilikosea, mdogo wangu. Nilikupigia simu mara nyingi, nikakata kabla hujapokea."

Mama Pasi akampa kisu. Akabaki amesimama, hajui mikono aiweke wapi. Dada akasogea ukingoni mwa kreti.

"Kaa," alisema. "Pa kukaa papo."