Nilimfanya mama yangu mgonjwa ili harusi yetu iwe ya gharama ndogo

Admin, nisitiri jina. Nina miaka thelathini na mbili, shule niliishia darasa la sita, na kwetu ni Kasulu, Kigoma. Huku Hanang ni mwaka wa tano nafanya vibarua kwenye mashamba ya ngano upande wa Basotu. Napalilia, napulizia dawa, na wakati wa mavuno nabeba magunia. Mgongo wangu umechoka kuliko umri wangu.

Nimechumbia binti wa kijiji cha Dirma, nimwite Martina. Ni fundi cherehani pale Katesh, na kichwa chake kinafanya kazi. Tangu mwanzo aliniambia, "Sitaki harusi ya siku moja itutie njaa mwaka mzima." Tukapanga wenyewe bila kamati. Ndoa ifungwe kwenye misa moja na maharusi wengine wawili. Ukumbi ni uwanja wa kwao, turubai na masufuria ni ya jumuiya, gauni ni la dada yake, amelipunguza kiunoni yeye mwenyewe. Ng'ombe anatoa baba yake, mahindi na maharage majirani, kinywaji ni togwa. Nilipouliza habari ya keki alicheka. "Keki ni mkate uliovalishwa. Kama unataka kulishwa mbele za watu nitakulisha andazi."

Sasa kosa langu. Martina alisema kinachomaliza harusi ni wingi wa watu, kwa hiyo kila mmoja apunguze orodha ya upande wake. Yeye alipunguza marafiki. Mimi nilimpunguza mama.

Mama yangu ni mjane, mzima kabisa, analima mihogo mpaka leo. Lakini nilijua akisikia harusi hatakuja peke yake. Watakuja mashangazi na wajomba, safari ya siku mbili kwa basi, nauli juu yangu, malazi juu yangu. Na kwa kuwa jina langu limefichwa niseme ukweli wote: haikuwa nauli tu. Nauli ya mtu mmoja ningeipata. Niliona aibu. Upande wa Martina kila mtu ana cha kuleta, hata kama ni mzigo wa kuni. Wa kwangu wangeshuka Katesh mikono mitupu, wakae wasubiri sahani. Nikamwambia mama bado sijapata mtu.

Siku ya kupeleka posa nilimchukua mpishi wa kambi yetu ya vibarua, mzee mmoja wa Singida, akawa baba yangu mdogo. Baba yake Martina akauliza, "Na mama wa kijana yuko wapi?" Kabla mzee hajajibu nikasema, "Mama anaumwa, miguu haimbebi." Wakatupa pole. Kisha baba mkwe akamgeukia mzee wangu. "Nasikia kwenu kuna michikichi. Huo mti ukoje?" Mzee hajawahi kufika Kigoma. Akajikuna shingo, akasema, "Ni mti wa kawaida tu, mzee mwenzangu, ila una mafuta." Njiani tulicheka mpaka tukakaa chini. Leo hainichekeshi tena.

Kwa sababu watu wale wameniamini. Jumuiya yao inamwombea mama yangu kila wiki, wanamtaja kwa jina. Bibi yake Martina, ambaye Kiswahili kinampa shida, hunishika mkono na kuniuliza, "Mama, miguu?" Namjibu anaendelea vizuri, na shikamoo naitoa mwishoni badala ya mwanzoni, kwa jinsi ninavyotaka kuondoka mbele yake.

Matangazo ya ndoa yameshasomwa mara mbili. Jumapili iliyopita baada ya misa Martina aliniita pembeni. Nilidhani ni mambo ya gauni. Akasema, "Nimeongea na baba. Ng'ombe hachinjwi, anauzwa. Watu watakunywa chai na maandazi, waende. Hiyo hela, wiki inayofuata ndoa twende Kasulu, mama yako anishike kichwa aniombee angali hai."

Nikamwambia ni mbali, atachoka.

Akanitazama. "Wewe mama yako anaumwa na hujaenda. Basi mimi niende."

Na baba yake anasafiri na sisi. Anasema si heshima kuozesha binti bila kumpa pole mzazi mwenzake.

Siku ile ile nilimpigia mama nikiwa nimedhamiria kumwambia. Akauliza kama nimekula. Nikajikuta namuuliza miguu inaendeleaje. "Miguu ina nini? Nimetoka shamba sasa hivi." Kisha akasema, "Mwanangu, majirani wananiuliza kama umepata mchumba. Ukimpata usinifiche. Hata kama sina cha kuleta, nitakuja nioshe vyombo."

Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata simu. Mtandao ulikuwa mzuri.

Tangazo la tatu ni Jumapili hii, ndoa ni Jumamosi inayofuata. Nikimwambia Martina naweza kumpoteza, na baba yake atajua kwamba posa aliipokea kutoka kwa mpishi wa kambi. Nikinyamaza, mama atarudi kutoka shamba na jembe lake begani, akute wakwe wamekuja kumwona mgonjwa, na hapo ndipo ajue mwanawe ameshaoa. Nauli yake ya kuja ninayo, na siku bado zinatosha. Ndugu zangu, nitukaneni kwanza, nimestahili. Mkimaliza mniambie, nianze na nani kati ya hawa wanawake wawili, na neno la kwanza niseme lipi?