Gitaa Nililolilaza Mapajani

Nilijikata kiganja cha mkono wangu wa kushoto kwa chupa ya jamu. Nilikuwa nimetoka zamu ya asubuhi katika nyumba ya kutunzia wazee kule Sutton Coldfield, nimeshuka treni Aston, natembea kurudi kwetu Nechells, humo humo Birmingham. Ilikuwa Januari na barabara ilikuwa barafu tupu. Jamu ile nilipewa na mzee mmoja pale kazini, imepikwa na binti yake. Nikateleza, nikatanguliza mkono ulioshika mfuko, na chupa ikapasukia humo humo.

Hospitalini walinishona vizuri. Daktari alinieleza kwamba kano mbili zilikuwa zimekatika vibaya, na kwamba kidole cha pete na kile cha mwisho huenda visikunjike tena. Akaniuliza ninafanya kazi gani. Nilipomwambia, akasema nisiwe na wasiwasi, nitaweza kushika kikombe na kufunga vifungo. Ilikuwa habari njema na niliipokea hivyo. Sikumwambia kwamba ninapiga gitaa. Niliona haya kulitaja, kama vile ni jambo la anasa mbele ya mtu aliyeacha chakula chake cha mchana ili anishone.

Gitaa kavu, lile lisilotumia umeme, nilijifunza nikiwa msichana, Kakamega, kwa kaka yangu ambaye hakutaka kunifundisha. Nilikuwa nakaa mlangoni natazama vidole vyake, halafu akitoka nalichukua. Nilipofika Birmingham, kanisa letu lilikuwa linakutana katika ukumbi wa kukodi kule Castle Vale. Wengi walikuwa Wakongo waliotoka Bukavu na Uvira, na sisi Wakenya wachache, wengi wetu wauguzi na watunza wazee. Walishangaa kumwona mwanamke amebeba gitaa, wakazoea. Kwa miaka minne ilikuwa kazi yangu ya Jumapili.

Bandeji zilipotoka, nilifanya mazoezi yote niliyopewa, kuminya sponji asubuhi na jioni, miezi mitatu. Kisha siku moja nikalichukua gitaa. Kidole cha shahada kilikuwa hakina nguvu, na vile viwili vilikaa vimenyooka hewani kama vinaomba ruhusa ya kusema. Nilipobana nyuzi zilitoa mlio mkavu, pap, pap, bila sauti. Nilijaribu wiki nzima. Kisha nikalipandisha gitaa juu ya kabati.

"Si unaimba vizuri, mama watoto?" mume wangu aliniambia. "Imba tu."

Nikaimba. Lakini Jumapili baada ya Jumapili nilisimama na kwaya nikiwa sijui mikono yangu niiweke wapi.

Kazini kulikuwa na bibi mmoja wa miaka themanini na kitu, mzaliwa wa Birmingham, mwembamba, mkali kwa chakula kibovu na mpole kwa kila kitu kingine. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kutwa nzima. Kila mtu alimwita "bab", yaani mpendwa, na naye alituita "bab" sote, kama watu wa mji ule wanavyoitana. Asubuhi moja nilikuwa namfunga vifungo vya sweta, akaukamata mkono wangu akaugeuza.

"Hivi vidole vimepatwa na nini?"

Nikamsimulia barafu na jamu. Sijui kwa nini, nikamsimulia na gitaa pia. Nilitegemea aseme pole kama wengine. Badala yake aliukunjua mkono wangu juu ya goti lake, akaupangapanga, kidole gumba hapa, cha kati pale, akavilaza vile viwili vilivyokufa juu ya blanketi.

"Lakini vimenyooka vizuri sana," akasema. "Mimi mwalimu wangu alikuwa ananichapa rula ili vyangu vinyooke hivi."

Ndipo nikajua kwamba bibi huyu, katika ujana wake, alikuwa na bendi pamoja na mumewe. Walikuwa wanapiga muziki wa Hawaii katika kumbi za dansi, wamevaa maua ya karatasi shingoni, wakati nje kuna ukungu na moshi wa viwanda. Yeye alikuwa anapiga gitaa linalolazwa mapajani, ambalo Waingereza wanaliita lap steel. Huzibani nyuzi kwa vidole. Unashika kipande cha chuma kwa mkono wa kushoto, unakitelezesha juu ya nyuzi, na sauti inapanda na kushuka kama mtu anayeimba. Chuma kinashikwa na kidole gumba na cha kati, cha shahada kinakaa juu yake. Na vidole viwili vya mwisho?

"Vinafuata nyuma, vimenyooka, vinazima makelele," akasema. "Havina kazi nyingine."

Nilimaliza kumfunga sweta. Nilikuwa nimeruka kifungo kimoja, akanirudisha.

Jumamosi iliyofuata mume wangu na mimi tulikwenda mjini, kwenye duka la ala za muziki. Muuzaji alisema wanaoulizia kitu hicho ni watu wawili kwa mwaka. Alikuwa nalo moja tu, la wanaoanza, rahisi kuliko yote, limetundikwa juu kabisa na limejaa vumbi. Lilikuwa ubao mweusi mfupi wenye nyuzi sita, na mistari imechorwa tu kwa rangi mahali ambapo gitaa la kawaida lina vyuma. Lilikuja na mfuko wa kitambaa, kipande cha chuma, na miguu mitatu ya kuchomeka, mmoja wake ukiwa hauingii vizuri.

"Hili ndilo gitaa?" mume wangu akaniuliza kwa Kiswahili. "Nilifikiri ni ubao wa kukatia mkate."

Tulilinunua, pamoja na amplifaya ndogo na kucha za chuma za kuvaa mkono wa kulia.

Sitaficha jinsi miezi ya mwanzo ilivyokuwa. Nilipokuwa na zamu ya asubuhi nilirudi nyumbani saa tisa, nikaketi jikoni, nikapiga hadi watoto warudi kutoka shule. Chuma kilikuwa kinagonga nyuzi na kukwaruza. Nikisahau kuburuta vile vidole viwili nyuma, kila uzi ulilia kwa wakati wake. Gitaa lenyewe lilikuwa na hila zake pia. Uzi wa tatu ulikuwa unalegea kila baada ya dakika kumi, na amplifaya ilinguruma friji ilipowaka. Binti yetu, ambaye Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza, alisimama mlangoni siku moja na begi lake mgongoni, akauliza kama ndivyo linavyotakiwa kulia.

"Mum, is it supposed to sound like that?"

"Bado," nikamwambia.

Lakini nilikuwa na furaha. Naikumbuka vizuri, kwa sababu sikuitegemea. Mkono wangu ulikuwa na kazi tena. Bibi alikuwa amenieleza jinsi ya kupanga nyuzi ili ukizipiga bila chuma upate mlio wa A kamili, ukiweka chuma mstari wa tano upate D, na wa saba upate E. Nyimbo nyingi za kanisa hazihitaji zaidi ya hizo tatu. Baada ya mwezi mmoja niliweza kupata wimbo mzima wa taratibu, ukinisamehe mwendo.

Nilimwomba msimamizi ruhusa nikalipeleka gitaa kazini, nikakaa na bibi baada ya zamu. Nilimlazia ubao ule mapajani, juu ya blanketi. Aliutazama kwa dharau kidogo, akaugonga kwa ukucha.

"Mti gani huu?"

"Sijui, bab."

"Hata walioutengeneza hawajui."

Kisha akachukua chuma. Mkono wake ulikuwa unatetemeka kama siku zote na niliogopa atakidondosha. Alikiweka mstari wa saba, mimi nikamsaidia kupiga uzi mmoja kwa mkono wa kulia. Sauti iliyotoka ilinisimamisha nywele. Ilikuwa nene na tamu, ikitikisika polepole, kama ya mwimbaji mzoefu. Mimi nilikuwa nimehangaika wiki nyingi kuipata sauti ile nikaambulia kelele ya mbu.

"Unafanyaje hivyo?" nikamuuliza.

Akauinua mkono wake mbele ya macho yangu, unatetemeka vile vile. "Sifanyi kitu, bab. Shida ni kuacha."

Alicheka mpaka akakohoa, nami nikacheka, na muuguzi akaja kuona kuna nini.

Baada ya hapo nilikuwa na haraka. Nilimwambia kiongozi wa kwaya yetu, mzee mmoja wa Bukavu tuliyemwita Papa, kwamba niko tayari. Alifurahi. "Leta ile gitare yako mupya, Mama, tusikie," akasema.

Jumapili hiyo kina mama walizianza nyimbo kama wanavyozianza siku zote, kwa koo la yule aliyeamka na nguvu. Mpiga kinanda wetu alikuwa amekata tamaa nao zamani. Alikuwa anakunja mikono na kusubiri, kwa sababu nyimbo zao ziliangukia katikati ya vibonye vyake. Mimi sikufikiria hilo. Niliweka chuma sawasawa juu ya mstari wa tano, nikaongeza sauti, nikapiga. Ilikuwa kama mtu amekanyaga mkia wa paka mbele ya madhabahu. Nikasogea mstari wa saba, ikawa mbaya zaidi. Mama mmoja wa mstari wa mbele alifunika mdomo kwa kitenge chake, mabega yakaanza kumcheza. Nikazima amplifaya na kumalizia kwa kupiga makofi.

Nje, Papa alinishika bega. "Mama, iko nalia sana hiyo kitu," akasema, na hakuwa anacheka. "Lakini haina neno. Siku ingine utaijua."

Mume wangu aliendesha gari kutoka Castle Vale mpaka kwetu. Alipozima injini akasema, "Mimi nimesikia mahali pamoja, pale mwisho, uliingia vizuri." Sikumwamini, lakini nilimshukuru.

Jumanne nilimsimulia bibi. Alinisikiliza hadi mwisho akaniuliza swali moja tu.

"Ulikuwa unatazama wapi?"

"Mistari."

"Mistari ni ya mtu aliyeichora," akasema. "Wao walikuwa wanaimba wapi?"

"Katikati. Si A, si G."

"Basi ungekwenda huko katikati. Kinanda hakiwezi. Gitaa la kawaida haliwezi. Hili linaweza. Ndiyo maana tulilipenda." Akanifundisha njia yake. Niimbe kwanza noti hiyo kimoyomoyo, nianze chini kidogo ya pale ninapodhani iko, nipige kwa sauti ndogo sana, kisha nipande taratibu mpaka nisikie imekutana. Nisipige kabisa nyuzi wazi, zisizowekewa chuma, maana nyuzi wazi haziwezi kusogea. Tulifanya mazoezi hayo wiki tatu. Yeye alikuwa anaimba kwa sauti yake ya kukwaruza, popote alipoangukia, na mimi namtafuta. Wakati mwingine alihama makusudi katikati ya wimbo, akinitazama kwa jicho la pembeni.

Niliporudi kwa kwaya sikumwambia mtu. Nililaza gitaa mapajani, nikapunguza amplifaya hadi ikasikika kwangu na kwa jirani yangu tu. Kina mama wakaanza wimbo wa taratibu, wa kushukuru, na kama kawaida haukuwa juu ya mstari wowote. Niliacha ubeti wa kwanza upite, naimba nao. Kwenye ubeti wa pili nikaanza chini, nikapanda kidogo, nikapita, nikarudi. Chuma kilikuwa kimekaa unywele mmoja juu ya mstari wa tano, mahali ambapo macho yangu yangesema nimekosea. Nikapiga tena, nikaongeza sauti. Yule mama wa mstari wa mbele aligeuza shingo. Hakufunika mdomo. Aliinua mkono wake na kuendelea kuimba huku ananitazama, na sauti yake ikawa kubwa zaidi, kama mtu aliyepata pa kuegemea. Mpiga kinanda akakunjua mikono, akaikunja tena, akatikisa kichwa kwa mshangao.

Tuliuimba wimbo ule kwa muda mrefu kuliko ratiba. Mwishoni Papa hakuja kunishika bega. Alisimama alipokuwa, akasema mbele ya watu wote, "Aksanti, Mama. Sasa tutaanza na ile ya pili, na wewe utatangulia."

Sikuwa nimejiandaa kutangulia. Nilipiga noti moja nikaiacha isikike, na kina mama wakaifuata pale pale nilipokuwa.

Bibi aliishi mwaka mwingine na zaidi. Kwaya ilikuja kumwimbia mara mbili, alasiri, katika sebule ya wazee, na mara zote mbili alinikosoa mbele ya wageni. Mara ya kwanza alisema mkono wangu wa kulia ni mzito. Mara ya pili alisikiliza amefumba macho, vidole vyake vikitetemeka juu ya blanketi, na tulipomaliza nikamuuliza, "Leo je, bab?"

"Ule wimbo wa katikati uliukimbiza," akasema. "Rudieni."

Tukarudia.